Amri Isiyo na Mkono

Kila baada ya sekunde mbili mlinzi mmoja alizaliwa na mlinzi mmoja akafa, na Vuokko Haapsaari alikuwa akimwomba Mungu angalau mmoja wao afe vibaya.

Hakuwa mtu katili. Kazi ndiyo iliyomweka hapo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mjaribu wa programu katika kampuni moja ya mjini Oulu inayotengeneza mitambo ya hospitali, na mlinzi, kwa lugha ya ofisini kwao, ni mchakato mdogo unaoamshwa ndani ya kompyuta ili uhesabu pumzi za mtoto mchanga na kupiga kengele pumzi zikikatika. Mtoto akilazwa, mlinzi huwashwa. Mtoto akitolewa, mlinzi husitishwa. Kwenye skrini ya kushoto ya Vuokko hapakuwa na mtoto yeyote. Palikuwa na jaribio lililokuwa likijiendesha lenyewe tangu usiku: linamwasha mlinzi, linampa pumzi mbili za kubuni azihesabu, linamsitisha, linahakikisha ameondoka kweli, kisha linaanza upya. Mistari ilipanda polepole. Mlinzi amewashwa. Mlinzi amesitishwa. Mlinzi amewashwa. Mlinzi amesitishwa. Pembeni palikuwa na taa ndogo ya kijani ambayo haikubadilika, na mtu akiitazama sana kope humlegea kama za mtoto anayebembelezwa.

Mjaribu mwenye akili timamu hupenda kijani. Kijani ni salama, kijani ni kwenda nyumbani mapema. Wiki ile Vuokko alikuwa akiitafuta nyekundu kama mtu aliyedondosha pete kwenye theluji.

“Umefika ngapi?” aliuliza Ilmo Sarkkinen, mkuu wa kitengo. Alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa, soksi za sufu miguuni kama kila mtu pale, viatu wameviacha mlangoni. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, na nje ya dirisha jua lilikuwa bado halijaamua kama litachomoza.

“Elfu kumi na moja na mia mbili.”

“Zote kijani?”

“Zote.”

“Huyu mama,” alisema Pirkka kutoka meza ya pili, mdomo umejaa mkate wa hiliki, “ameua walinzi elfu kumi na moja, halafu saa tano atakwenda kula supu ya samaki bila wasiwasi wowote. Mimi nikikutana naye barabarani navuka upande wa pili.”

“Vuka tu,” Vuokko alimjibu bila kugeuka. “Na ufute hayo makombo, panya watatuhamia.”

Ilmo hakucheka. “Hospitali wamepiga tena. Kamati inakaa Ijumaa saa sita mchana. Kama hatuna kitu mpaka hapo, wataamua kwa kumbukumbu za mashine.”

“Kumbukumbu zinasema alisitishwa kwa amri. Hazisemi amri ya nani.”

“Chumbani alikuwamo mtu mmoja, Vuokko.”

Mtu huyo alikuwa Saimi Lohela, muuguzi wa watoto njiti katika hospitali moja ya kusini. Wiki tatu zilizopita, asubuhi kweupe, mlinzi wa mtoto mmoja alinyamaza kwa dakika nne. Katika dakika hizo mtoto alisahau kupumua, kama njiti wasahauvyo, na kengele haikulia. Saimi aliona midomo inageuka rangi, akamsugua mgongo, mtoto akavuta pumzi na kulia. Mtoto yu mzima, anaongezeka uzito. Lakini mtambo ulipofunguliwa, ndani yake yalikutwa maneno manne: Mlinzi amesitishwa kwa amri. Hakuanguka, hakukwama, umeme haukukatika. Aliamriwa aondoke naye akaondoka kwa heshima zote. Kamati ikiridhika kwamba mkono wa Saimi ndio uliotoa amri, jina lake lingefutwa kwenye orodha ya wauguzi.

Vuokko hakuwahi kumwona. Alichokuwa nacho ni fomu ya malalamiko aliyoijaza Saimi siku ile ile. “Kengele haikulia. Nilitazama skrini nikaona mstari umelala. Sikugusa mashine.” Chini kabisa, penye nafasi ya maelezo mengine ambapo watu hawaandiki kitu, au huandika matusi, Saimi alikuwa ameandika: “Naomba mtazame vizuri.”

Katika miaka yote ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kumwomba Vuokko hivyo. Watu walimwomba atazame haraka. Aliyasoma maneno hayo asubuhi, akayasoma tena baada ya kahawa ya saa nane. Alimwamini yule binti. Hakuwa na sababu ya kumwambia Ilmo ikamtosha, lakini alimwamini.

Basi akaendelea kuwasha na kusitisha. Alibadilisha kasi, akabadilisha mpangilio, akawawasha walinzi wawili kwa pamoja, kumi kwa pamoja, akampa mmoja amri ya kuondoka kabla hajamaliza kuamka. Kila baada ya walinzi mia jaribio lilisimama kidogo, mashine ikafutwa yote ikawa tupu kama siku ilipotoka kiwandani, kisha kazi ikaendelea. Hiyo ilikuwa desturi yao na Vuokko ndiye aliyeileta. Karatasi yake ilikuwa bado imebandikwa juu ya rafu ya seva, herufi kubwa za kalamu nene: MASHINE IFUTWE KWANZA. V.H. Jaribio linalofanyika juu ya takataka za jaribio lililopita halina maana, ndivyo alivyowafundisha wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakawa wanafuta mashine jinsi wanavyonawa mikono.

Jumanne ilipofika saa nane mchana jua lilizama, na chumba kikabaki na mwanga wa skrini tu. Pirkka alikuwa mkutanoni. Theluji ilishuka wima, bila upepo, na Vuokko akakaa akitazama mistari ikipanda. Amewashwa. Amesitishwa. Hakuweza kusema ni saa ngapi macho yake yaliacha kusoma.

Alijikuta kwenye korido ndefu yenye sakafu ya mbao. Mlango mmoja ulikuwa huku, mwingine kule, na kati yake watoto walikuwa wakipita, wamevaa fulana nyeupe, kila mmoja na namba kifuani. Walitoka huku, wakatembea hatua chache, wakamtikisia kichwa kwa adabu, wakaingia kule. Hapakuwa na kilio wala kusukumana. Vuokko alitaka kuwauliza nani anawaita, lakini namba zilikuwa zikipita upesi na ulimi wake mzito. Mwishowe akapaza sauti: “Simameni!” Wote wakasimama papo hapo. Wakamgeukia na kumtazama kwa upole, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza wewe ni nani. Hilo ndilo lililomtisha. Angewaambia lolote wangelifanya.

“Unakoroma Kifini safi kabisa,” ilisema sauti ya Pirkka, “bila kosa la sarufi.”

Vuokko alikaa wima na kufuta mdomo. Taa ilikuwa kijani. Walinzi walikuwa wamefika elfu ishirini na tisa.

Jumatano ikaenda hivyo hivyo. Alasiri, saa tisa, kichwa kilikuwa kinamgonga, akakumbuka kwamba vidonge vyake vya presha vimekwisha tangu juzi. Akavaa koti, akavuka barabara mpaka duka la dawa. Mlangoni akavuta namba kwenye kile kisanduku cha foleni, akaitumbukiza mfukoni, akaenda kukaa karibu na kipasha joto. Miwani ilijaa ukungu. Humo ndani palikuwa na watu tisa na kila mmoja aliacha kiti kitupu kati yake na mwenzake, na hakuna aliyesema neno. Kengele ililia, namba ikabadilika juu ya dirisha, mtu akainuka. Kengele, namba, mtu. Joto lilimpanda miguuni, na kwa mara nyingine Vuokko akaanza kuelea.

Kengele ikalia. Sitini na mbili. Alitoa karatasi mfukoni, akaisogeza karibu na pua kwa sababu ya ukungu. Sitini na mbili. Akainuka, akaenda dirisha la pili, na pale akakuta mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya ameshaweka kitambulisho chake juu ya meza.

“Samahani mama,” alisema mzee. “Sitini na mbili ni mimi.”

“Hapana mzee wangu, ni mimi. Hii hapa.”

“Nami hii hapa. Nimekaa dakika ishirini nikiitazama. Hata mke wangu sikuwahi kumtazama hivi.”

Watu wa Oulu hawagombani kwenye foleni. Wangeweza kufa wamesimama mradi wafe kwa zamu. Wote wawili walimnyooshea mfamasia karatasi zao kama wanafunzi, naye akaziweka sambamba chini ya taa. Zote ziliandikwa sitini na mbili, kubwa na nyeusi.

“Mama,” alisema mfamasia kwa sauti ndogo, “yako ni ya tarehe nne Novemba.”

“Duh!” alisema mzee. “Umesubiri mwezi na nusu! Basi pita wewe, haki ya Mungu, mimi nitarudi sikukuu zikiisha.”

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili, na kwa muda duka zima la dawa lilikuwa likicheka, jambo ambalo wengine wao wangelisimulia nyumbani. Vuokko aliona haya mpaka masikioni. Alipapasa mfuko ule ule akakuta namba yake ya kweli, sitini na tisa. Akageuka arudi kitini na hakufika. Alisimama katikati ya duka, karatasi moja kila mkono.

Namba ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomshika. Hakuna aliyedanganya pale: karatasi ya Novemba ilikuwa ya kweli, ilikuwa yake kweli, na dirisha liliita sitini na mbili kweli. Kisanduku kile hufika tisini na tisa kikarudi moja. Namba ikabaki ile ile, mwenyewe akabadilika.

“Mama!” mzee alimwita alipomwona anafungua mlango. “Na dawa je?”

“Nitakuja kesho!”

“Utakuta mimi niko hapa na namba yako!”

Alirudi ofisini akikimbia juu ya barafu, mwanamke wa miaka hamsini na saba, koti halijafungwa. Pirkka alikuwa ndiyo kwanza anavaa viatu.

“Vua,” alimwambia. “Kaa hapo. Mchakato ukiamka, kompyuta inaupa nini?”

“Vuokko, umepatwa na nini?”

“Jibu.”

“Inaupa namba.”

“Namba ngapi zipo?”

“Elfu thelathini na mbili na ushei. Zikiisha inarudi mwanzo, inagawa zile za waliokufa. Mtoto wa chekechea anajua hilo.”

“Na ukitaka kuusitisha?”

“Unasoma namba kwenye kijikaratasi chake, unaipelekea amri.” Kijikaratasi lilikuwa neno lao la faili dogo ambalo kila mchakato hulitundika mahali pamoja unapoamka, limeandikwa namba yake tu, ili atakayetaka kuuzima ajue pa kuupata. Unapoondoka kwa utaratibu, huchana kijikaratasi chake.

“Na ukifa ghafla?” aliuliza Vuokko. “Kumbukumbu ya kompyuta imejaa, umekufa wima. Nani anachana?”

Pirkka alikaa. Kiatu kimoja kilikuwa bado mkononi.

Kule hospitali, mbali na walinzi, kulikuwa na msaidizi, mchakato unaopeleka vipimo kwenye hifadhi na kusitishwa kila mwisho wa mwezi ili upumzishwe. Tuseme msaidizi alikufa ghafla katikati ya mwezi. Kijikaratasi chake kikabaki kinaning’inia. Mashine ya wodini haizimwi. Ile ilikuwa imekaa siku arobaini na nne bila kuzimwa, namba zikazunguka hadi mwisho na kurudi. Mtoto analazwa, mlinzi wake anaamka, anapewa namba ya marehemu. Mwisho wa mwezi unafika. Amri inakwenda kumtafuta msaidizi, inasoma kijikaratasi cha zamani, inapiga hodi kwenye namba ile. Anayefungua ni mlinzi. Anaambiwa ondoka. Haulizi wewe ni nani.

“Na sisi huku,” alisema Pirkka taratibu, “kila baada ya walinzi mia tunafuta mashine.”

“Ndiyo.”

“Tunafagia vijikaratasi vyote.”

“Ndiyo, Pirkka.”

Wote wawili walitazama ile karatasi juu ya rafu ya seva.

Alhamisi saa moja asubuhi alimfuata Ilmo kabla hajavua kofia. “Nataka mashine chafu,” alimwambia.

“Wewe?”

“Mimi. Isifutwe hata mara moja. Na mtu yeyote asiiguse.”

“Leteni kipimajoto,” Pirkka alisema, lakini sauti haikuwa na mzaha wa kawaida, na mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye kiti kuibandua ile karatasi.

Walimwasha msaidizi, akapata namba ishirini elfu mia nne kumi na saba. Wakamuua ghafla. Kijikaratasi kikabaki. Kisha jaribio likaanza kuzaa na kuua, safari hii bila pumzi za kubuni, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, na namba zikapanda. Hapakuwa na kazi ya kufanya ila kukaa. Ilmo alikuja, akavuta kiti, akasahau mkutano wake. Saa nne jua likachomoza likabaki pale pale juu ya paa za nyumba, jekundu na bila joto, na mwanga wake ukaingia ukatanda juu ya meza, juu ya vikombe, juu ya mikono yao watatu, ukafanya kila kitu kionekane kama kimelala. Elfu thelathini. Elfu thelathini na mbili. Namba ikafika mwisho, ikaruka, ikarudi mia tatu. Pirkka alisema neno ambalo mama yake hakumfundisha.

Kadiri ilivyosogea ishirini elfu jaribio lilipunguza mwendo kama Vuokko alivyoliagiza. Likawasha walinzi mmoja mmoja. Mia nne kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba.

“Huyo,” alisema Vuokko.

Mlinzi aliamka akaanza kuhesabu pumzi za kubuni. Mstari wake ulipanda na kushuka kwenye skrini ya kulia, kilima baada ya kilima. Vuokko alimwachia dakika nzima. Aligundua kwamba na yeye anapumua naye. Kisha akabonyeza kitufe cha kumsitisha msaidizi, ambaye alikuwa amekufa tangu asubuhi.

Mstari ukalala. Kengele haikulia. Kwenye skrini ya kushoto yakatokea maneno manne, Mlinzi amesitishwa kwa amri, na pembeni yake taa ikawa nyekundu.

Hakuna aliyeshangilia. Pirkka aliacha kutafuna. Ilmo aliinuka, akapiga simu kwa hospitali zote zenye mtambo ule, moja baada ya nyingine, akawaambia wauzime na kuuwasha upya leo hii, mtoto mmoja mmoja, muuguzi akiwa pembeni. Ilimchukua saa nzima. Alipomaliza sauti ilikuwa imemkauka.

“Huo mstari wa programu wa kusitisha,” alimuuliza Vuokko. “Unaosoma kijikaratasi bila kuuliza kama mwenyewe bado ni yule yule. Nani kauandika?”

Vuokko alikuwa ameshatazama. Kila mstari wa programu hubeba jina la aliyeuandika. Huu ulibeba lake, mwezi Mei, miaka tisa iliyopita. Aliuandika kwa ajili ya majaribio tu, na kwa sababu katika majaribio haukuwahi kukosea hata mara moja, wenzake waliuchukua na kuupeleka kwenye mtambo. Kwenye mashine safi usingekosea kamwe.

“Mimi,” alisema.

Ilmo aliiweka simu mezani. “Hatuna haja ya jina. Tutaandika hitilafu ya programu, inatosha. Mradi binti wa watu apone.”

Fomu ya kamati ilikuwa wazi mbele yake. Swali la tisa liliuliza: Nani alitoa amri ya kusitisha? Hospitali walikuwa wameshajaza, Muuguzi S. Lohela, na kampuni ilitakiwa kuthibitisha au kurekebisha. Vuokko alifuta herufi moja moja mpaka nafasi ikawa tupu. Kisha akaandika jina lake lote.

“Vuokko, mambo haya hayaandikwi hivyo.”

“Fomu inauliza nani, Ilmo. Ingeuliza nini ningeandika nini.”

Ilmo alisoma, akashika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena. Akatia sahihi. Saa nane na nusu ripoti iliondoka, na nje jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Namba ya simu ya Saimi ilikuwepo kwenye malalamiko. Hakuna kanuni iliyomruhusu Vuokko kuipiga, naye hakuuliza. Aliingia kwenye chumba kidogo cha mkutano, akafunga mlango. Simu ililia mara sita.

“Lohela.”

“Naitwa Vuokko Haapsaari. Napiga kutoka Oulu, kwenye kampuni iliyotengeneza mtambo wenu.”

“Nimeshaandika kila kitu.” Sauti ilikuwa ya mtu mdogo kuliko alivyotegemea. Nyuma yake palisikika maji ya bomba na mlio wa sahani.

“Najua. Nimeisoma. Ulituomba tutazame vizuri, tumetazama. Hukuuzima wewe.”

Sahani ziliacha kulia.

“Unanisikia, Saimi?”

“Nakusikia.”

“Amri ilitoka kwenye mstari wa programu nilioandika mimi, miaka tisa iliyopita. Ilikuwa inamtafuta mwingine ikampata mlinzi wako. Leo tumeifanya itokee hapa hapa mbele ya macho yetu. Nimeshaandika, mkuu wangu ametia sahihi, kesho kamati wataisoma. Wewe hukufanya lolote ila kumwokoa yule mtoto.”

Maji yaliendelea kutiririka. Vuokko alingoja.

“Jana nimewapelekea barua,” Saimi alisema hatimaye. “Nimewaambia ni mimi.”

“Nani alikulazimisha?”

“Hakuna. Waliniuliza mara nne. Walikuwa wapole sana, mama, walinipa na kahawa. Mara ya kwanza niliwaambia sikugusa. Mara ya pili nikasema sikumbuki kugusa. Halafu juzi nilikuwa hapa hapa naosha vyombo, nikauona. Mkono wangu, na saa yangu, unanyooka unabonyeza. Hata ile alama ya kuungua kwenye kidole nimeiona. Sikuwadanganya. Nimewaandikia ninachokumbuka.”

Vuokko alishika ukingo wa meza. Aibu ilimwingia yote, moto, na nyuma ya aibu huruma kubwa kiasi kwamba machozi yalimtoka asiyafute. Alijaribu kuongea kwa sauti ya kawaida.

“Barua inaweza kurudishwa. Wapigie sasa hivi kabla hawajafunga ofisi. Waambie ripoti yetu imefika, wasome swali la tisa.”

“Nitawapigia.”

“Nikate ili uwapigie?”

“Subiri kwanza.” Bomba lilifungwa. “Wewe unazijua hizi mashine. Nikuulize kitu.”

“Uliza.”

“Barua nitairudisha. Sasa huu mkono nifanye nao nini? Hata sasa hivi unavyoniambia, bado nauona.”

Vuokko aliutazama mkono wake mwenyewe ulioshika ukingo wa meza.

“Sijui, Saimi,” alisema. “Sijui, mwanangu.”

Alimsikia akivuta pumzi, akiitoa, akivuta nyingine. Hakuna kati yao aliyekata simu.